Uliza Ujibiwe: Sheria ya siku 90, mrija wa plastiki, na mfuko ni kitu gani hasa

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi mno, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, yaani hizi sheria za mazingira zinazopitishwa chapuchapu, ukizisoma zinasema "tunafafanua tu maana ya neno fulani", ukikaa miezi kadhaa unasikia hazipo tena. Waulizaji wengi mnaishi Washington D.C. na pembeni yake ndo maana majibu yatakaa sana huko, ila Dar na Mombasa nao wameandika na sikutaka kuwaacha.

Habari za kazi dada. Nina kimgahawa changu hapa D.C., wali maharage, pilau Ijumaa, chapati na chai ya tangawizi, na wateja wangu wengi ni wa kubeba. Juzi mwanangu alinifungulia gazeti la serikali la huku tukakuta jina la muswada mmoja wa mambo ya mazingira limeandikwa mara tatu, moja lina neno dharura, la pili la muda, la tatu halina kitu, na yote yanasema yanafafanua maana ya maneno. Ni sheria tatu au moja? Na kama ni ya muda si nisubiri iishe nirudi kwenye vyombo vyangu vya zamani, bado ninavyo maboksi sita stoo. — Mama Pilau, Washington

Shikamoo mama. Jambo ni moja ila limepitishwa kwenye milango mitatu, na ukijua kwa nini milango iko mitatu hutababaika tena.

D.C. si jimbo. Wana meya wao na baraza lao la watu 13, lakini kwa ile sheria ya 1973 iliyowapa wenyeji kujitawala, karibu kila sheria ambayo baraza linapitisha lazima ipelekwe Kongresi, yaani bunge la Marekani nzima, ikakae siku 30 wabunge waitazame, na za jinai zinakaa siku 60. Sasa sikia hizo siku 30 zinavyohesabiwa, Jumamosi haimo, Jumapili haimo, sikukuu haimo, na Kongresi wakienda likizo ya maana siku zile nazo hazimo, kwa hiyo siku 30 za kwenye karatasi mtaani zinaweza kuwa miezi miwili mitatu na zaidi. Na usidhani wanakaa tu bila kufanya kitu, mwaka 2023 Kongresi waliikataa sheria nzima ya makosa ya jinai ya D.C., mara ya kwanza kufanya hivo tangu 1991.

Basi ikitokea kitu hakiwezi kusubiri, wana mlango wa kwanza, dharura. Theluthi mbili ya baraza, yaani watu 9, wakikubali kwamba kweli hii ni dharura, muswada unasomwa mara moja tu, meya anasaini, unaanza kazi hapo hapo na Kongresi haupelekwi kabisa. Ila umri wake hauzidi siku 90. Mlango wa pili ni wa muda, huu unasomwa mara mbili, haupiti kamati, Kongresi unapelekwa, na ukishakuwa sheria unaishi siku 225. Mara nyingi ule wa dharura na wa muda vinaletwa siku moja, maneno yale yale neno kwa neno, ndo maana umeona jina limerudiwa. Wa tatu ule usio na kitu ndio wa kudumu, huo unaenda kamati, wananchi wanaitwa kutoa maoni, unasomwa mara mbili, unapelekwa Kongresi, unafuata foleni yote.

Kwa hiyo mama wewe fuata ule ulio hai leo. Utaujuaje? Shuka mpaka mstari wa mwisho kabisa wa hiyo karatasi, usianze juu, huko mwisho ndiko wameandika ni siku 90 au ni 225 baada ya kuanza. Chukua kalenda ya ukutani ile ya duka la nyama, hesabu, zungushia hiyo tarehe kalamu nyekundu.

Na kuhusu kusubiri iishe, mama yangu nakuomba usifanye hivo. Ni kweli ya muda ikifa bila ya kudumu kupita, maneno ya zamani yanarudi kama yalivyokuwa, ila kwa kawaida kabla haijafa wanaleta nyingine au ya kudumu inakuwa imeshafika, na hata ile siku 90 ikikatika kabla Kongresi hawajamaliza kuhesabu siku zao, baraza hupitisha dharura nyingine ya kuziba lile pengo. Halafu hayo maboksi sita, kama ni zile nyeupe nyepesi za povu gumu, ambazo kwetu chips mayai ilikuwa inawekwa humo, hizo zilipigwa marufuku D.C. tangu 1 Januari 2016, usizitoe hata kwa mteja mmoja.

Mi nadhani mnakuza mambo. Kufafanua maana ya neno si kubadilisha sheria, sheria ni ile ile, sasa kelele za nini? — Msomaji wa Silver Spring, Maryland

Ndugu yangu hapa sikubaliani na wewe hata kidogo, na nitakuambia kwa nini kwa kutumia kitu kidogo kuliko vyote, mrija wa kunywea soda.

Mwaka 2014 baraza la D.C. lilipitisha sheria kubwa ya mazingira, ndani yake kuna hiyo marufuku ya vyombo vya povu, na kuna sharti kwamba vyombo vya chakula vya kutumia mara moja na kutupa viwe vinaweza kurejelezwa au kuozeshwa vikawa mboji, sharti likaanza 1 Januari 2017. Watu wakabadilisha sahani, wakabadilisha vikombe, sawa. Mrija je? Mrija ni chombo cha chakula? Ukimuuliza mtu yeyote mtaani atakuambia chombo ni sahani, ni bakuli, ni glasi, mrija ni mrija. Lakini Idara ya Nishati na Mazingira ya D.C., wenyewe wanaiita DOEE, wakaeleza kwamba mrija nao umo. Basi, kuanzia 1 Januari 2019 mrija wa plastiki ukawa marufuku kwenye migahawa na sehemu za vinywaji, wakapewa miezi sita ya kuzoea, faini zikaanza 1 Julai 2019. Kilichobadilika kwenye maisha ya kila mwenye kaunta mjini kimetokana na swali moja tu, neno hili linaishia wapi.

Na usifikiri upande ule mwingine hakuna mtu. Jirani yangu alikuwa na mama yake aliyepata kiharusi, mkono wa kulia hauinuki, uji anakunywa kwa mrija ule wa plastiki unaokunjika shingoni. Siku waliyomletea wa karatasi nilikuwepo, uji una moto, mrija ukalainika katikati ya kikombe, ukabanana, uji ukamwagika kifuani, yule mama akanyamaza tu akageukia ukutani. Ndo maana watu wenye ulemavu walisimama kudai nao waandikwe, na D.C. inaruhusu mrija wa plastiki kwa anayeuhitaji kwa sababu ya ulemavu. Hiyo nayo ni ufafanuzi. Mstari mmoja kwenye maana ya neno, na mtu anakunywa uji wake kwa heshima.

Mimi napenda ule mto wa Anacostia usafishwe, nimeshuka mara nyingi pale Bladensburg nikaona mifuko na vikopo vimekwama kwenye mizizi mvua ikishanyesha, kwa hiyo siko upande wa wanaotaka sheria hizi zife. Ninachosema ni kwamba anayeandika maana ya neno ndiye anayeamua nani atalipa na nani ataachwa, na ikiandikwa kwa dharura, ikasomwa mara moja tu bila kikao cha maoni, yule mama wa uji hana pa kusimama kusema neno.

Mi nafanya kaunta kwenye duka la vyakula D.C., kila siku nagombana na wateja kwa ajili ya senti tano za mfuko. Mwingine anasema mfuko wa samaki haulipiwi, mwingine anasema wa karatasi haulipiwi, bosi anasema wote walipe. Nani yuko sahihi? — Kijana wa Kaunta

Pole sana, hiyo kazi nimewahi kuifanya na najua mtu anavyoweza kukufokea dola 80 za shopping ziko kwenye toroli na yeye anapigania senti 5.

Sheria yenyewe ni ya 2009, ya kusafisha na kulinda mto Anacostia, ikaanza 1 Januari 2010. Inahusu sehemu zinazouza chakula au pombe. Duka linabaki na senti 1, au 2 kama linampunguzia senti 5 mteja anayekuja na mfuko wake, zinazobaki zinaenda kwenye mfuko wa fedha wa kusafisha mto. Mfuko unaotozwa ni ule wa kubebea anaopewa mteja pale kaunta, uwe wa plastiki uwe wa karatasi, kwa hiyo wa karatasi hapo anajidanganya, kwenye duka lenu unalipiwa. Ila kuna mifuko ambayo maana ya sheria imeitoa nje, ile nyembamba anayochukulia nyanya na ndizi huko ndani, ile ya kufungia nyama au samaki au vitu vya barafu, ya mkate na vyakula visivyofungwa, ya maua yenye maji, ya dawa za cheti za famasi, na ile ya karatasi ambayo mgahawa unamfungia mteja chakula. Kwa hiyo wa samaki yuko sahihi kama ni ule wa kumfungia samaki, si wa kubebea samaki pamoja na mchele na sabuni.

Na ule mfuko mnene ambao maduka mengine wanauza, huo unahesabika ni wa kutumia tena kama una mshikio na plastiki yake ina unene usiopungua mil 2.25, mil ni elfu moja ya inchi, kwa vipimo vyetu ni kama maikroni 57. Kwa macho huwezi kujua. Mwambie bosi aombe karatasi ya vipimo kwa anayemuuzia na aiweke hapo kaunta, utapumua.

Dada, huku kwetu Bunge likileta muswada kwa hati ya dharura tunajua ni haraka haraka. Hiyo ya D.C. si kitu hicho hicho tu? — Mdau, Dar es Salaam

Hapana kaka, na swali lako ni zuri sana kwa sababu hili neno dharura limewachanganya wengi. Kwetu hati ya dharura inafupisha njia, haifupishi maisha ya sheria. Mnakumbuka mwaka 2017, zile sheria za maliasili na mikataba ya madini zililetwa kwa hati ya dharura, muda wa wadau kusoma na kutoa maoni ukawa mfupi mno, lakini zilipopita zikawa sheria kama sheria nyingine, hazikuandikiwa tarehe ya kufa. Kule D.C. ukienda njia ya mkato unalipa kwa umri, unapata haraka lakini unapata siku 90 tu, na ukitaka idumu rudi ukapange foleni na wenzako.

Na hiyo bei ililindwa na mahakama. Kulikuwa na wakati baraza walikuwa wanapitisha dharura, ikiisha wanapitisha nyingine maneno yale yale, ikiisha nyingine, mpaka mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa ya D.C. ikasema hapana, huwezi kuunganisha dharura kwa dharura ukaishi bila kupita Kongresi. Ile kesi ilikuwa ya nyumba za kupanga kugeuzwa kuwa za kuuzwa, haihusiani na mazingira kabisa, lakini ndiyo imefanya leo mara nyingi dharura itembee na mwenzake wa muda. Mimi naona lile ni jambo la haki na natamani hati zetu za dharura nazo zingekuwa na kitu cha namna hiyo, hata kama ni kwa vile vifungu vya maana ya maneno peke yake, kwamba baada ya miezi kadhaa lazima virudi wananchi wavisome kwa utulivu.

Kitu kingine ambacho watu wanakichanganya, idara yenyewe kule nayo inaweza kutoa kanuni za dharura bila baraza, na hizo zinaishi mpaka siku 120. Kwa hiyo ukisikia "dharura" uliza kwanza ya nani, ya baraza au ya idara, maana siku hazilingani, na idara haiwezi kupanua neno likapita pale sheria ilipoliweka mpaka. Ikiona neno limebana ndo inakimbilia baraza kuomba ufafanuzi.

Huku Mombasa tulipokatazwa karatasi za plastiki mwaka 2017 watu walikuwa wanashikwa na mifuko ya aina yote, mpaka leo sijui ipi ilikatazwa. Ilikuwa na maana maalum ama ni polisi walikuwa wanajiamulia? — Mama Samaki, Kongowea

Maana ilikuwepo mama, na ilikuwa fupi hadi inashangaza. Tangazo la Gazeti Rasmi la 28 Februari 2017 lilitaja aina mbili, mfuko wa kubebea, yaani wenye mshikio, na mfuko bapa, yaani usio na mshikio. Yote miwili iwe imekunjwa pembeni au haijakunjwa. Basi, wenye mkono na usio na mkono, ukifikiria hapo hakuna mfuko uliobaki, na ndo maana kuanzia 28 Agosti 2017 mambo yakawa makali vile, faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Unafuu ulikuwa kwa plastiki inayofungiwa bidhaa kiwandani kabisa, kama pakiti ya mkate. Kwa hiyo samaki wako ukimfungia kwenye karatasi ya plastiki pale sokoni wewe uko ndani ya katazo, yule wa kiwandani anayefunga samaki wake kwa mashine yuko nje, na najua inauma, maana samaki ni yule yule wa bahari ile ile. Ukilinganisha na D.C., kule mfuko wa samaki ulitolewa nje kwa maandishi, Kenya haukutolewa.

Naomba hii msiichelewe. Mkaguzi alikuja mgahawani ninapofanya kazi, bosi hayupo, nikapewa karatasi ya faini ya mambo ya vyombo vya kubebea chakula. Kingereza changu ni cha kuungaunga. Bosi anasema hicho chombo kiliruhusiwa miezi ile. Tufanye nini? — Hamisi si jina langu, D.C.

Kwanza usiitupe na usiiweke chini ya droo, tarehe ya mwisho ya kujibu imeandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo, itafute leo. Pili angalia tarehe mkaguzi aliyoingia, hiyo ndiyo ya kushika, halafu mtafute sheria gani ilikuwa hai siku ile, kwa sababu kama ufafanuzi wa dharura ulikuwa umeisha siku mbili kabla, au ulikuwa haujaanza, maana ya neno ni nyingine na jibu la kesi ni lingine. Tatu bosi atoe risiti za kununulia vile vyombo, zenye tarehe, na kama muuzaji aliwapa karatasi inayosema vinarejelezwa au vinaoza, nayo iwepo. Piga picha chombo chenyewe, hasa chini kwenye kitako palipoandikwa alama.

Mna haki ya kuipinga, kule faini za namna hii zinasikilizwa na Ofisi ya Mashauri ya Kiutawala, ambayo si idara iliyokupiga faini. Na hicho Kingereza cha kuungaunga kisikutishe ndugu yangu, D.C. wana sheria tangu 2004 inayotaka ofisi za serikali zimpatie mkalimani mtu asiyejua Kingereza vizuri, kwa simu au ana kwa ana, na halipi. Ukifika dirishani sema neno moja tu, Swahili, halafu subiri. Wakikuambia mletee mwanao atafsiri, kataa kwa adabu, waambie unataka mkalimani wa ofisi. Na ukishapata tarehe ya kusikilizwa niandikie tena, nitakusaidia kupanga hizo karatasi zako.